Mnaoacha dawa za kolesteroli kwa kuogopa saratani, someni hapa kwanza

mfamasia_kirumba

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ya familia, ya vikoba, ya jumuiya. Anaongea mtu anayejitambulisha kama mtaalamu wa lishe. Anasema vidonge vya kushusha kolesteroli vinaleta saratani, kwamba Wazungu wamelijua hilo miaka mingi na wanalificha, na kwamba anayevitumia avitupe leo aanze unga wa mbegu anaouuza yeye.

Mimi ni mfamasia, niko Mwanza, na madhara ya hiyo sauti nayaona kaunta. Juzi mzee mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliyewahi kupooza upande wa kushoto akapata nafuu, aliniwekea mezani boksi la atovastatini. Karatasi mbili za vidonge hazijaguswa, ya tatu imetobolewa vidonge vinne tu. "Mwanangu, nirudishie hela yangu. Nimeambiwa hizi zinaleta kansa." Presha anayo, sukari anayo, kiharusi kimeshampitia. Katika wateja wangu wote sijui nani anaihitaji dawa ile kumzidi yeye.

Naandika kirefu kwa sababu ukimwambia mtu "huo ni uzushi, achana nao" humsaidii. Hofu hii haikuzuka hewani. Iliwasumbua wanasayansi wenyewe kwa karibu miaka thelathini, waliitafuta saratani kwa juhudi kubwa, na walichokipata kinajulikana. Nataka mkijue chote, pamoja na zile sehemu ambazo zinatisha kweli.

Kundi la dawa tunalolizungumzia linaitwa statini: atovastatini (wengi mnaiita atova), simvastatini, rosuvastatini, pravastatini na wenzao. Kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu hutengenezwa na ini. Statini humzuia kimeng'enya mmoja ambaye ini linamtegemea kwa kazi hiyo. Ini likipungukiwa, linaanza kuivuta ile kolesteroli mbaya, LDL, kutoka kwenye damu. Aliyegundua statini ya kwanza ni Mjapani, Akira Endo, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alichunguza maelfu ya kuvu hadi akaipata kwenye Penicillium citrinum, ukoo uleule wa kuvu iliyotupa penisilini. Ikaja kuitwa kompaktini.

Saratani inaingia hapo. Mwaka 1980 kazi ya kompaktini ilisimamishwa kwa sababu mbwa waliopewa dozi kubwa mno kwa muda mrefu walionekana na mabadiliko kwenye utumbo yaliyodhaniwa kuwa saratani ya limfu. Kampuni ya Merck ya Marekani ilikuwa na statini yake, lovastatini. Waliposikia tetesi hizo nao wakasimamisha majaribio. Walirudi miaka kadhaa baadaye, wakarudia vipimo kwa wanyama, na lovastatini ikaruhusiwa Marekani Septemba 1987.

Tayari watu walikuwa na kidonda kingine. Miaka ya 1970 Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti mkubwa Edinburgh, Prague na Budapest wa dawa iitwayo klofibrati, ambayo ni ya kushusha kolesteroli lakini siyo statini. Matokeo yakatoka 1978: mshtuko wa moyo ulipungua, ila waliotumia dawa walikufa wengi zaidi kuliko wasiotumia, kwa magonjwa mengine, saratani ikiwemo. Daktari wa miaka ile aliyesita kuandika dawa ya kolesteroli alikuwa na sababu.

Kisha 1996, watafiti wawili wa Marekani, Newman na Hulley, wakaandika katika jarida la JAMA kwamba statini na fibrati (ukoo wa ile klofibrati) zote zilizokuwa zikitumika zinaleta saratani kwa panya, na baadhi kwa viwango visivyo mbali na vile anavyopewa binadamu. Mwaka huohuo likatoka jaribio la CARE la pravastatini: wanawake 12 walipata saratani ya matiti upande wa dawa, upande wa pili mmoja. Mwaka 2002, PROSPER, wazee wa miaka 70 hadi 82 huko Scotland, Ireland na Uholanzi: saratani mpya 245 kwa waliotumia pravastatini, 199 kwa wasiotumia. Na 2008 ikaja kubwa kuliko zote kwa kelele, SEAS, wagonjwa 1,873 wenye mlango wa moyo uliosinyaa, simvastatini ikichanganywa na ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha kolesteroli: saratani 105 upande wa dawa, 70 upande wa pili.

Nimewawekea zote mezani. Yule wa kwenye sauti, kama amesoma chochote, amesoma hizi na akaishia hapa. Naendelea post inayofuata, msiandike kwanza.

Nahodha wa Ziwa

Mkuu umenitisha zaidi ya ile sauti. Endelea haraka, bimkubwa wangu anatumia atova.

mfamasia_kirumba

Naendelea.

Unapotaka kujua kama dawa inaleta ugonjwa, huwezi kutazama tu wanaoitumia na wasioitumia mtaani, kwa sababu watu hao hawafanani tangu mwanzo. Unachukua maelfu ya watu, unawagawa kwa nasibu, nusu wanapata dawa na nusu wanapata kidonge kisicho na dawa, wao hawajui, daktari hajui, halafu unasubiri miaka. Majaribio ya namna hiyo ya statini yamefanyika mengi. Na kila jaribio lilihesabu saratani za kila aina: matiti, tezi dume, utumbo, mapafu, ngozi. Ukihesabu vitu vingi hivyo kwenye majaribio mengi hivyo, lazima baadhi yaonyeshe tofauti kwa bahati tu. Wanaojua takwimu walilisema hilo mapema, lakini kulisema haitoshi. Ilibidi kuhesabu upya kwa watu wengi zaidi.

SEAS ndiyo mfano mzuri. Takwimu zile zilipotoka, Richard Peto wa Oxford na wenzake walienda kwenye majaribio mawili makubwa zaidi ya mchanganyiko uleule ambayo yalikuwa bado yanaendelea, SHARP na IMPROVE-IT, wakahesabu saratani zilizokwishatokea. Wakapata 313 upande wa dawa na 326 upande wa pili. Kama dawa ingekuwa inaleta saratani kwa kasi ya SEAS, ingeonekana hapo bila shaka, na haikuonekana. IMPROVE-IT ilipokamilika mwaka 2015 ikiwa na watu 18,144, waliofuatiliwa miaka sita hivi, saratani zilikuwa sawa pande zote mbili.

Ile ya matiti ya CARE haikujirudia kwenye majaribio yaliyofuata. Wale wazee wa Scotland waliokuwa PROSPER walifuatiliwa miaka mingine baada ya jaribio kwisha, na ile tofauti ya saratani ikayeyuka.

Kisha likaja hesabu kubwa. Kuna kundi la watafiti, makao yao Oxford na Sydney, linaloitwa CTT, ambalo limekusanya taarifa za mgonjwa mmojammoja kutoka majaribio karibu yote makubwa ya statini. Mwaka 2012 walitoa matokeo ya saratani peke yake: majaribio 27, watu wapatao 175,000, wastani wa miaka mitano. Waliopata saratani mpya ni asilimia 1.4 kwa mwaka upande wa statini na asilimia 1.4 kwa mwaka upande wa pili. Waliokufa kwa saratani, asilimia 0.5 na 0.5. Wakagawa kwa kiungo, kwa umri, kwa jinsia, kwa kiwango cha kolesteroli cha mwanzo, kwa aina ya statini. Popote walipogusa, hakuna tofauti.

Mtu atasema miaka mitano ni michache, saratani inachelewa. Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Jibu lake lipo kwa waliofuatiliwa zaidi. Jaribio la Uingereza la watu 20,536, simvastatini mg 40, lilifuatiliwa kwa miaka 11. Jaribio la nchi za Skandinavia la 1994, lile lililoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba simvastatini inapunguza vifo vya jumla kwa asilimia 30 kwa wenye ugonjwa wa moyo, lilifuatiliwa miaka 10. Wanaume wa magharibi ya Scotland waliopewa pravastatini walifuatiliwa miaka 20. Saratani haikuongezeka kwa yeyote kati yao.

Ndiyo maana nawaambia kwa uhakika: statini hazileti saratani. Karibuni mniulize.

MTAFITI HURU

Mkuu nakuheshimu lakini hujagusa kiini. Nani amelipia hizo tafiti? Makampuni. Mwenye duka hawezi kukwambia unga wake una mchanga. Mimi siamini takwimu ya mtu anayefaidika nayo, na baba yangu alikufa kwa saratani ya tezi dume akiwa anatumia hivyo vidonge miaka yote.

mfamasia_kirumba

Pole sana kwa msiba wa mzee, ndugu yangu. Nalijibu swali lako kama lilivyo, maana ni swali zuri.

Ni kweli majaribio mengi yamelipiwa na makampuni, na kampuni kuficha madhara si jambo geni. Dawa ya serivastatini, nayo ni statini, iliondolewa sokoni Agosti 2001 kwa sababu ilikuwa ikiharibu misuli kupita wenzake na watu wakafa. Kwa hiyo sikwambii uwaamini makampuni.

Lakini angalia mambo mawili. Lile jaribio la Uingereza la watu 20,536 liliendeshwa na Chuo Kikuu cha Oxford, na kati ya waliotoa fedha ni Baraza la Utafiti wa Tiba la serikali ya Uingereza na taasisi ya hisani ya moyo ya huko, pamoja na makampuni. La pili, SEAS, lile lililoonyesha saratani 105 kwa 70, lililipiwa na makampuni yenye dawa. Takwimu mbaya kuliko zote ilitoka kwenye jaribio la wenye dawa wenyewe, ikatangazwa dunia nzima, hisa zao zikaporomoka. Na hati miliki za statini nyingi zimekwisha siku nyingi. Atovastatini unayoinunua kwangu imetengenezwa na viwanda vya India au vya hapahapa Afrika Mashariki kwa bei ya kawaida.

Kuhusu mzee, saratani ya tezi dume inawapata wanaume wengi wa umri ule, wanaotumia statini na wasiotumia. Kwa mtu mmoja huwezi kujua kilicholeta. Ndiyo maana tunahesabu maelfu.

Dk. Zamu ya Usiku

Naomba niongeze kitu ambacho mfamasia hajakigusa, kwa sababu kila wiki naulizwa wodini: "Dokta, mbona wenye kolesteroli ya chini sana ndio wanaopata saratani?"

Hilo limeonekana kweli kwenye tafiti za kufuatilia watu, tangu miaka ya 1980. Wenye kolesteroli ya chini walikutwa na saratani zaidi katika miaka michache iliyofuata. Wengi wakahitimisha kwamba kuishusha ni hatari. Ila walipotazama muda kwa makini, waliona uhusiano una nguvu kwenye miaka ya mwanzo tu baada ya kipimo, kisha unafifia. Maana yake ni kwamba saratani ilikuwa imeshaanza kimyakimya, na yenyewe ndiyo inayoshusha kolesteroli. Mgonjwa anapoteza hamu ya kula, anakonda, uvimbe unatumia mafuta kujijenga. Kipimo cha chini ni dalili ya ugonjwa uliokwishaingia. Mgonjwa wangu yeyote asiyetumia dawa ambaye kolesteroli yake inashuka yenyewe huku anapungua uzito, namchunguza zaidi.

Martijn Katan, Mholanzi, alitoa wazo zuri mwaka 1986: tuwatazame watu waliozaliwa na kolesteroli ya chini kwa sababu ya vinasaba. Hao hawakuishusha kwa ugonjwa wala kwa dawa, wameishi nayo tangu tumboni. Kama kolesteroli ya chini inaleta saratani, hao wangekuwa wa kwanza kuugua.

Na hapa Afrika ina sehemu yake. Mabadiliko ya kinasaba kiitwacho PCSK9 yanayoshusha LDL kwa zaidi ya robo yanapatikana zaidi kwa watu weusi kuliko kwa Wazungu. Marekani, utafiti uliotoka 2006 ulionyesha weusi wenye mabadiliko hayo wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 88 pungufu. Walipoangaliwa kwa upande wa saratani, hawakuwa na saratani zaidi ya wengine. Na Zimbabwe, kati ya akina mama waliopimwa kliniki ya wajawazito, alipatikana msichana wa miaka 21 aliyerithi mabadiliko hayo kwa baba na kwa mama. LDL yake ilikuwa 0.4 (milimoli kwa lita). Kwa wagonjwa wetu tunafurahi ikishuka chini ya 1.8. Na yeye alikuwa mzima, amebeba mimba, hana habari.

Kisa hicho nawasimulia sana wagonjwa wangu. Kinawatuliza kuliko asilimia.

Nahodha wa Ziwa

Dokta hii ya Zimbabwe sijawahi kuisikia popote. Asante sana.

Bi Mwanaisha wa Likoni

Assalaam aleikum. Mie niko Mombasa. Nina dadangu anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi, yuko kwa zile za mstari wa pili, za baada ya zile za kwanza kushindwa, na hospitali ya binafsi moja akaandikiwa simvastatini kwa sababu ya mafuta. Hakuulizwa kama ana dawa nyingine. Kisha akaanza kuumwa mapaja hata ngazi hapandi. Majirani wakamwambia ndiyo saratani hiyo yaingia kwenye mifupa. Sasa ameacha zote, hata zile za virusi. Nifanyeje?

mfamasia_kirumba

Wa aleikum salaam dada. Usisubiri kesho. Arudi kliniki yake ya kawaida leo, dawa za virusi azirejee kwa maelekezo yao, na simvastatini asiiguse tena. Wamwambie kipimo cha CK, cha misuli, na cha figo. Kama mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, aende moja kwa moja hospitali kubwa, usiku au mchana.

Nyinyi wengine someni hili kwa makini, maana hatari ya kweli ya statini iko hapa na hakuna sauti ya WhatsApp inayoitaja. Dawa nyingi za mstari wa pili zina ritonavir. Ritonavir inamzuia kimeng'enya anayeisafisha simvastatini mwilini. Simvastatini inajilimbikiza, misuli inaanza kuvunjika, taka zake zinaziba figo. Simvastatini na ritonavir havipewi pamoja kabisa. Zipo statini nyingine zinazofaa kwa watu wanaotumia dawa hizo, na daktari wa kliniki anazijua.

Simaanishi wenye virusi wasitumie statini. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya REPRIEVE, jaribio la watu 7,769 wanaoishi na virusi katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, pamoja na Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Statini iitwayo pitavastatini ilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 35. Lililomuumiza dada ni kutoulizwa dawa anazotumia.

Mfano mwingine wa kila siku: ile kiti (pakiti ya dawa kadhaa za kumeza pamoja) ya vidonda vya tumbo, ya bakteria wa H. pylori, ina klarithromaisini ndani. Nayo haipatani na simvastatini. Watu wanaimeza kiti ile bila kumwambia mtu kwamba wana dawa ya kolesteroli, halafu wanaumwa mwili mzima wanadhani ni malaria. Ukipewa kiti, sema. Simvastatini husimamishwa hadi dozi ile iishe, kisha unaendelea.

Bi Mwanaisha wa Likoni

Shukran sana. Nimempigia, twaenda alasiri hii.

mama_wa_wanne

Samahani kama swali langu ni dogo. Mimi si wa virusi, natumia atova mg 20 tu, na miguu inaniuma. Je ni hiyo misuli kuvunjika?

Dk. Zamu ya Usiku

Si swali dogo mama. Maumivu yapo, na kuvunjika misuli kwenyewe ni nadra sana, takriban mtu mmoja kati ya elfu kumi kwa mwaka au pungufu. Lakini hata maumivu ya kawaida, mara nyingi dawa haihusiki.

Kulikuwa na jaribio London, SAMSON, lililotoka 2020. Walichukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Wakawapa chupa 12 za mwezi mmojammoja: nne zina statini, nne zina kidonge kisicho na dawa, nne tupu kabisa. Kila siku waliandika kwenye simu wanavyojisikia. Miezi ya chupa tupu walijisikia vizuri. Miezi ya statini waliumwa. Na miezi ya kidonge kisicho na dawa waliumwa karibu sawasawa na ya statini: asilimia 90 ya usumbufu ulitokana na kumeza kidonge wakiwa na hofu nacho. Walikuwa wanaumwa kweli, hawakudanganya. Walipoonyeshwa takwimu zao, nusu yao walirudi kwenye dawa.

Kwa hiyo mama, mwambie daktari wako, apime CK. Ikiwa sawa, mnaweza kupunguza dozi au kubadilisha aina. Usiache kimyakimya.

Na kwa haki niseme dhara moja ambalo limethibitika: statini zinapandisha sukari kidogo, hasa kwa mtu ambaye tayari yuko mpakani mwa kisukari, na dozi kubwa zaidi kuliko ndogo. Kwa mwenye hatari ya moyo faida bado ni kubwa kuliko hilo. Lakini ana haki ya kuambiwa.

MTAFITI HURU

Nimesoma yote. Ila mwaka 2018 dawa za presha ziliondolewa sokoni Ulaya kwa kuwa na kemikali ya saratani. Hilo halikuwa uzushi. Sasa mnataka tuamini kwamba za kolesteroli ni safi?

mfamasia_kirumba

Halikuwa uzushi, uko sahihi, na nimefurahi umelileta maana naamini ndilo lililochanganya wengi. Ile ilikuwa valsatani, dawa ya presha. Malighafi yake kutoka kiwanda kimoja cha China ilikutwa na NDMA, kemikali inayohofiwa kuleta saratani, iliyojitokeza baada ya kiwanda kubadili njia ya kuitengeneza. Mwaka mmoja baadaye ranitidini, ya vidonda vya tumbo, nayo ikakutwa na NDMA. La valsatani lilikuwa kosa la utengenezaji, uchafu ndani ya kidonge. Valsatani yenyewe haikuwa na tatizo na bado inatumika. Statini ni dawa nyingine kabisa.

Unachotakiwa kukidai kutokana na kisa kile ni ukaguzi. Nunua dawa kwenye famasi iliyosajiliwa, angalia namba ya usajili na ya toleo kwenye boksi, usinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye kifuko cha nailoni sokoni. Hapo nakuunga mkono asilimia mia.

Nahodha wa Ziwa

Na hizi tiba asili za kushusha kolesteroli? Kuna vidonge vya Kichina vya mchele mwekundu, aliyeniuzia alisema havina kemikali.

mfamasia_kirumba

Mchele mwekundu uliochachushwa una kitu kinachoitwa monakolini K. Monakolini K ni lovastatini, molekuli ileile. Ni ile niliyoitaja juu, ya Merck, ya 1987. Kwa hiyo umenunua statini, isipokuwa hujui kiasi kilichomo, na hakuna aliyekagua. Kama unakunywa huo mchele na daktari akakuandikia atova juu yake, umejizidishia dozi. Mwambie daktari.

Dk. Zamu ya Usiku

Kwa wanaoogopa saratani, hofu hiyo naiheshimu, na wodi za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, hazina nafasi. Lakini ielekezeni mahali pake. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya mlango wa kizazi, inaletwa na kirusi cha HPV, chanjo yake inatolewa kwa wasichana nchini tangu 2018 na uchunguzi upo. Ya ini inatokana sana na homa ya ini B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Sigara inajulikana. Nimewahi kumpokea mama aliyeacha statini kwa kuogopa saratani na hajawahi kupimwa mlango wa kizazi hata mara moja.

Denmark walitazama watu zaidi ya laki sita walioanza statini. Habari mbaya za statini zilipotoka kwenye vyombo vya habari, waliokatisha dawa mapema waliongezeka. Na waliokatisha walipata mshtuko wa moyo kwa asilimia 26 zaidi na vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 18 zaidi ya walioendelea. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa na sauti za namna hii.

MTAFITI HURU

Sijasema nimekubali yote. Ila hiyo ya SEAS kulipiwa na wenye dawa sikuijua, na nitaisoma mwenyewe. Mama yangu bado anatumia, simwambii aache mpaka nimalize.

mfamasia_kirumba

Isome mkuu, na ukikwama niulize hapahapa. Mama anatumia ipi?

MTAFITI HURU

Simvastatini 40 usiku. Na amlodipini 10 ya presha asubuhi.

mfamasia_kirumba

Basi kuna la kufanya wiki hii. Anayetumia amlodipini hatakiwi kuzidi simvastatini mg 20 kwa siku. Marekani waliweka kikomo hicho mwaka 2011, kwa sababu amlodipini inaongeza kiasi cha simvastatini kwenye damu. Usimpunguzie mwenyewe wala usimwachishe. Nenda naye kwa daktari wake na boksi zote mbili mkononi, mwambie habari ya amlodipini. Uwezekano mkubwa atamhamishia kwenye atovastatini, ambayo haina tatizo hilo, na ataimeza saa yoyote, hata pamoja na ile ya asubuhi.

MTAFITI HURU

Jumatatu tuna kliniki. Nitakwenda na boksi.